Baada ya kujifungua njiti: niliyojifunza kwa mkunga wa mimba yangu ya pili

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30. Alipozaliwa nilimwona mara moja tu, akiwa mikononi mwa nesi aliyekuwa akikimbia naye kwenda wodi ya watoto wachanga. Kuanzia siku ile kila aliyekuja kunipa pole alikuwa na swali lilelile: ulifanya nini? Ulibeba kitu kizito? Ulianguka? Ulikuwa na mawazo? Nililala na swali hilo na kuamka nalo, kiasi kwamba mume wangu alipogusia habari ya mtoto wa pili nilitoka chumbani bila kumjibu.

Ninaandika kwa ajili ya mama aliyewahi kupita hapo na sasa ana mimba nyingine, au anaitamani na kuiogopa kwa wakati mmoja. Mimba yangu ya pili ilikuwa chini ya uangalizi wa mkunga mmoja, tangu kabla haijatungwa hadi mtoto alipofikisha wiki sita. Kwake nilielewa kwamba kazi ya kuzuia mtoto asizaliwe kabla ya wakati hufanyika miezi mingi kabla ya uchungu, na sehemu yake kubwa ni kuuliza na kusikiliza. Uchungu ukishaanza mapema, mara nyingi kinachobaki ni kuuchelewesha kidogo na kumwandaa mtoto.

Kwa asiyejua, mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wa chini ya wiki 28, ila walio wengi huzaliwa kati ya wiki 32 na 37. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati, yaani takriban mmoja katika kila kumi, na matatizo yanayotokana na hali hiyo ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Laiti ningeambiwa siku ile wodini kwamba tuko wengi kiasi hicho.

Katika mimba ile ya kwanza nilihudhuria kliniki kila tarehe niliyopangiwa. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani njiti huzaliwa na wasiohudhuria. Shida ni kwamba kila nilipofika nilikutana na mtu mwingine, foleni ndefu nyuma yangu. Kadi inafunguliwa, napimwa presha na uzito, tumbo linapimwa kwa utepe, basi: "Mtoto yuko sawa, mama, tuonane tarehe fulani." Mkojo ulipimwa mwanzoni tu, baadaye nikaambiwa vijiti vya kupimia vimeisha. Hakuna aliyeuliza habari za kizazi changu kabla ya mimba. Wiki ya 29 mgongo ukaanza kuuma kwa chini, maumivu ya kuja na kuondoka, na ute ukeni ukabadilika, ukawa mwingi na wa majimaji. Nilieleza. Nikajibiwa kwamba mimba ina mambo mengi, nikapumzike. Siku chache baadaye chupa ilipasuka usiku, na mtoto akazaliwa kabla sindano za kukomaza mapafu hazijapata muda wa kufanya kazi.

Gharama ya kulea njiti haiishii kwenye bili ya hospitali. Kazi niliyokuwa nikifanya kwa mkataba alipewa mtu mwingine. Mume wangu alikuwa akitoka kazini anakuja wodini moja kwa moja, kisha anarudi nyumbani kulala, na siku nyingi hatukuwa na la kuambiana. Nilikamua maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, mtoto akilishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Kilichonishika nisianguke ni kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, saa nyingi kila siku. Utaratibu huo wa kangaruu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko inkubeta. Leo WHO inapendekeza uanze mara mtoto anapozaliwa, hata kabla hali yake haijatulia. Mwanangu alipona. Anasoma, anakimbia, anabishana. Lakini wapo akina mama niliolala nao wodi moja walioondoka mikono mitupu, na siwezi kuandika habari hii kana kwamba sote tulitoka na watoto wetu.

Rafiki yangu muuguzi ndiye aliyeniambia nisisubiri kushika mimba ndipo nitafute mkunga. Nilidhani mkunga kazi yake ni kuzalisha. Nikaenda kwa kusitasita, nikamkuta mama wa makamo, umri wa mama yangu mzazi, akanikaribisha kiti na kuniita mwanangu. Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko mahudhurio yote ya mimba ya kwanza yakijumlishwa.

Aliuliza kwanza umri wa mtoto. WHO inashauri kusubiri angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe hai kabla ya kushika mimba nyingine, kwa kuwa mimba zinazofuatana kwa karibu huongeza hatari ya mtoto kuwahi. Sisi tulikuwa tumeshavuka. Akapima damu, ikaonekana imepungua, akanianzishia vidonge vya madini ya chuma. Akanipa asidi ya foliki nimeze kila siku kuanzia wakati ule. Akanifungua mdomo, akaona fizi zinatoa damu, akanituma kwa daktari wa meno. Nilishangaa meno yanaingiaje hapa. Alinieleza kwamba ugonjwa wa fizi umehusishwa na watoto kuzaliwa mapema na kwamba ni heri kuutibu kabla mimba haijaingia.

Kisha akauliza: "Kabla ya mtoto huyu, umewahi kufanyiwa chochote kwenye kizazi? Kusafishwa, kukatwa kinyama, chochote kile, hata kama ni zamani na hata kama waliita kidogo?"

Nikakumbuka. Miaka kadhaa kabla ya ndoa nilipimwa saratani ya shingo ya kizazi, wakakuta chembe zilizoanza kubadilika, wakakata kipande kidogo na kunitangazia kwamba nimepona. Na kweli nilipona. Mkunga aliweka kalamu chini. "Walikata mara ngapi? Una karatasi yoyote ya siku ile?" Akanichorea kizazi kwenye daftari lake, akanionyesha kwamba shingo yake ndiyo inayobaki imefunga mimba inapokua, na kwamba ikishakatwa inaweza kuwa fupi au dhaifu. Hakusema kwamba hiyo ndiyo iliyosababisha. Alisema ni sababu mojawapo inayowezekana, na kwamba wanawake wengi wanaojifungua kabla ya wakati chanzo chake hakijulikani kabisa, hata wapimwe vipi. Halafu akanishika mkono: "Mwanangu, hukufanya kitu. Hilo swali la ulifanya nini tulifunge leo."

Nililia pale kitini. Nasisitiza jambo hili kwa wakunga watakaosoma, maana nilishalipa madaktari na vipimo vingi, lakini hakuna aliyewahi kuniondolea mzigo ule.

Alimwomba mume wangu atoke nje kidogo, akaniuliza kwa faragha yale anayomuuliza kila mwanamke: kama napigwa, kama nalazimishwa, kama naogopa mtu nyumbani. Akauliza sigara, pombe, dawa za kulevya, magonjwa ya zinaa. Yote hayo yanaweza kumfanya mtoto awahi, na mengi hayasemeki mbele ya mume au mama mkwe. Kama mkunga wako hakutoi pembeni, mwombe. Una haki ya dakika chache za peke yako.

Ushauri wangu mkubwa wa vitendo uko hapa. Usiende kliniki ukitegemea kadi ikusemee. Kaa chini nyumbani uandike kila mimba uliyopata, pamoja na zilizotoka, na kila moja iliishia wiki ya ngapi. Andika pia ilivyoanza: maumivu yalitangulia, au chupa ilipasuka kwanza, au ulitoka damu, au madaktari ndio walioamua kukuzalisha kwa sababu ya presha. Mkunga wangu alilihoji hilo la mwisho kwa makini, kwa sababu kinga zake si moja. Mama ambaye mtoto wake alitolewa mapema kwa sababu ya kifafa cha mimba hulengwa kwa njia nyingine, ikiwemo aspirini ya kiwango kidogo inayoanza kuanzia wiki ya 12 kwa maelekezo ya mtaalamu. Mama mwenye shingo fupi ya kizazi hasaidiwi kwa hiyo.

Mimba ilipoingia nilirudi kwake mapema. WHO tangu mwaka 2016 inapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Inapendekeza pia, mahali ambapo huduma ya ukunga imesimama vizuri, mama ahudumiwe na mkunga mmoja au kikundi kidogo cha wakunga wanaomfahamu, kuanzia mimba hadi baada ya kujifungua. Kama huna bahati hiyo, omba upangiwe mtu yuleyule kila inapowezekana na ubebe daftari lako. Mtu anayekuona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba mwezi uliopita ulikuwa tofauti.

Alinituma kupiga altrasaundi mapema ili tuwe na umri sahihi wa mimba. Mimi niliona tarehe yangu ya hedhi inatosha, lakini nilikubali. Umuhimu wake niliuona baadaye.

Mkojo nao hakuridhika na kijiti peke yake. Alitaka uoteshwe maabara. Alinielekeza nijisafishe, niache mkojo wa kwanza uende, nikinge wa katikati kwenye kichupa safi bila kugusa ndani yake. Majibu yakaonyesha bakteria wengi, na mimi sikuwa na dalili yoyote: hakuna kuchoma, hakuna homa, hakuna kwenda chooni mara kwa mara. Maambukizi ya aina hiyo, yasiyosema kitu, yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na kuyatibu kunasaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kuwahi. Nilimeza antibayotiki kwa siku 7, kisha mkojo ukapimwa tena kuhakikisha wameisha. Nikakumbuka vile vijiti vilivyoisha katika mimba ya kwanza, nikaumia upya.

Mapema kabisa mkunga aliniambia mipaka yake. "Mimi sishoni shingo ya kizazi wala sianzishi dawa za kuzuia mtoto asiwahi. Kazi yangu ni kuona mapema na kukufikisha kwa mwenye kazi yake kabla hujachelewa." Akaandika barua ya rufaa yenye historia yote, kile kipande kilichokatwa kikiwa mstari wa kwanza. Daktari akapima urefu wa shingo ya kizazi kwa altrasaundi ya kupitia ukeni, akaendelea kupima kila baada ya wiki mbili. Karibu na wiki ya 20 ikawa imefika milimita 23. Kwa kawaida chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24 huhesabiwa kuwa fupi. Tulielezwa njia mbili, kushona shingo au kutumia projesteroni, homoni inayosaidia kuitunza mimba, pamoja na faida na hatari za kila moja. Tulichagua projesteroni, kidonge cha kuweka ukeni kila usiku. Si dawa ngumu kutumia, ila inachafua nguo na inakukumbusha kila usiku unachokiogopa.

Nyumbani ilianza kampeni ya kunilaza. Shangazi zangu, mama mkwe, hata majirani, wote walikuwa na hakika kwamba nikilala kitandani miezi iliyobaki mtoto hatawahi. Walikuwa wananipenda, na ni vigumu kumkatalia anayekupenda. Mkunga alimwita mama mkwe, akamkalisha, akamweleza kwa heshima zote kwamba kulazwa kitandani muda wote hakujathibitika kuzuia mtoto asiwahi, na kunaweza kuleta damu kuganda miguuni, misuli kudhoofika na moyo kuvunjika. Niendelee na kazi nyepesi, nitembee, nipumzike nikichoka. Alichokipunguza ni zamu za usiku na kusimama saa nyingi kazini, na aliniandikia barua ya kumpa mwajiri. Kipato kilishuka. Mama mkwe naye, baada ya mazungumzo yale, akawa msaada wangu mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu sasa alijua kitu cha kufanya badala ya kuniambia nisinyanyuke.

Mafunzo yaliyonisaidia kuliko yote yalichukua muda mfupi. Mkunga alinilaza ubavu wa kushoto, akachukua mkono wangu, akaniwekea ncha za vidole juu kabisa ya tumbo. "Gusa ncha ya pua yako. Sasa gusa kidevu. Sasa paji la uso." Nikagusa vyote vitatu. Tumbo likijikaza na kubonyea kirahisi, ugumu wa pua, mara nyingi ni mkazo mdogo. Likifika ugumu wa kidevu, anza kuwa makini. Likiwa gumu kama paji la uso, halibonyei, hiyo ni mikazo yenye nguvu. Tukakaa kimya, vidole vyangu chini ya vyake, hadi mkazo mdogo ukapita na nikausikia ukianza, ukipanda, ukiachia. Nilikuwa nimeshazaa na sikuwahi kuujua mwili wangu kiasi hicho.

Alinieleza dalili za kutonyamazia kabla ya wiki 37: mikazo inayokuja kwa mpangilio hata kama haiumi, maumivu ya kiuno yasiyoisha au ya kuja na kuondoka, maumivu ya chini ya tumbo kama ya hedhi, kuhisi mtoto anasukuma kwa chini, ute kubadilika ukawa wa majimaji, mzito au wenye damu, na majimaji kuvuja hata yakiwa kidogo. Nilipoisikia orodha hiyo nilitambua vitu viwili nilivyovieleza katika wiki ya 29 ya mimba ya kwanza. Sikumwambia neno, lakini nadhani aliona usoni.

Alinipa namba yake ya simu na ya mwenzake anayempokea. Nilimpigia kwa mambo ambayo hayakuwa kitu, na hakuna siku aliyonijibu kwa namna ya kunifanya nione haya kupiga tena. Nimekuja kuamini kwamba hii nayo ni kinga, kama dawa ilivyo kinga. Mama aliyekaripiwa jana kwa kuuliza jambo dogo, leo akivuja maji atangoja asubuhi.

Wiki zilipokaribia 30 niliacha kulala vizuri. Mkunga alijua bila kuambiwa, akasogeza miadi karibu. Jioni moja tumbo likaanza kukaza. Nilikojoa, nikanywa maji, nikalala ubavu wa kushoto, vidole juu ya tumbo, saa mbele yangu. Kidevu. Kidevu. Kisha paji la uso, na kiuno kikaungana nalo. Ndani ya saa moja ilikuja karibu kila baada ya dakika kumi. Nikapiga.

Aliuliza kwa haraka na kwa utulivu. Maji yanavuja? Damu ipo? Mtoto anacheza? Una homa? Halafu akasema niondoke pale nilipo, nisianze kuoga wala kupanga nguo, na tusiende kituo cha karibu. Twende hospitali yenye wodi ya watoto njiti, hata kama ni mbali zaidi. "Akiwa tumboni mwako anasafiri salama kuliko akisafirishwa baada ya kuzaliwa." Tulipofika walikuwa wananisubiri, kwa sababu alishapiga simu na kueleza kila kitu. Hakuna aliyeniuliza nianze upya.

Shingo ilikuwa imefupika zaidi, ila haijafunguka. Nilipewa nifedipini ya kutuliza mikazo, na daktari alisema wazi kwamba dawa hiyo haikusudiwi kuizuia mimba hadi mwisho. Inatafuta saa 48 hivi ili sindano za deksamethasoni zimkomaze mtoto mapafu. Magnesiamu salfeti ilikuwa tayari ili kulinda ubongo wa mtoto kama uchungu ungeendelea, kwa kuwa nilikuwa chini ya wiki 32. Hapo ndipo altrasaundi ile ya mapema ilipolipa. Sindano za mapafu hutolewa kati ya wiki 24 na 34, pale uzazi unapoonekana uko karibu, mama akiwa hana maambukizi na mahali pakiwa na uwezo wa kumhudumia njiti. Umri wa mimba ukiwa wa kukisia, mtaalamu anabaki kubahatisha. Kwangu hakuna aliyebahatisha.

Baadaye nilitafuta habari za sindano zile. Zinatokana na kazi ya Graham Liggins wa New Zealand, aliyekuwa akichunguza kondoo, akaona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa ya aina hiyo akiweza kupumua kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na mwenzake Ross Howie walichapisha majaribio yao kwa akina mama mwaka 1972. Katika mimba yangu ya kwanza dawa hii ilikuwepo duniani kwa miongo mingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaamini maumivu ya mgongo wangu siku chache mapema.

Mikazo ilitulia siku ya pili. Nililazwa kwa muda, nikaruhusiwa, nikaendelea na projesteroni hadi wiki ya 36, na siku chache baada ya kuiacha uchungu ukaja wenyewe. Haukuchukua muda mrefu. Mkunga wangu ndiye aliyempokea mtoto. Alisubiri zaidi ya dakika moja kabla ya kukata kitovu, akamlaza kifuani kwangu akiwa bado ana majimaji, akatufunika wote wawili. Mtoto alilia. Wa kwanza sikumsikia akilia.

Kwa hesabu, huyu pia ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mkunga hakutuacha tulisahau hilo. Watoto wa wiki 34 hadi 36 huonekana wakubwa, watu wakawachukulia kama waliotimia, kumbe hupoteza joto haraka, huchoka kunyonya, sukari hushuka na manjano huwapata zaidi. Alitaka anyonye angalau kila baada ya saa tatu hata ikibidi kumwamsha, akaangalia rangi ya macho na ngozi mchana kwenye mwanga, akahesabu nepi zilizolowa. Manjano yalikuja kweli, yakaonekana mapema, akawekwa chini ya taa na kurudi kwangu.

Najua wapo waliofanya yote haya na mtoto bado akawahi sana. Mmoja nilimfahamu wodini, mwanamke makini kuliko mimi, mwenye mkunga mzuri na vipimo vyote. Kwake mimba iliishia wiki ya 26. Asitokee mtu wa kuyachukua maandishi haya na kumuuliza alikosea wapi.

Kabla ya kuagana, kwenye miadi ya wiki ya sita, tulizungumzia uzazi wa mpango na tukachagua njia hapohapo, tusije tukashtukiziwa kabla ya miezi 24. Kisha mkunga akaandika ukurasa mmoja kwa ajili ya yeyote atakayenipokea nikishika mimba nyingine: wiki za mimba zote mbili na jinsi kila moja ilivyoanza, kipande kilichokatwa na mwaka wake, bakteria wasio na dalili, milimita 23, dawa iliyotumika, tarehe ya sindano. Chini yake akaongeza kwamba shingo ya kizazi ianze kupimwa kuanzia wiki ya 16 na mkojo uoteshwe kwenye hudhurio la kwanza. Nimetoa nakala mbili. Moja iko na mume wangu, kwa sababu siku ya kukimbizwa hospitali anayeulizwa maswali mara nyingi ni yeye.